Fahamu: Kanuni ya Marekani inayolinda taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta

Sheria ya HIPAA, iliyopitishwa nchini Marekani mwaka 1996, ndiyo iliyozaa Kanuni ya Usalama ya mwaka 2003, ambayo kwa sasa inazitaka hospitali, kampuni za bima ya afya na wakandarasi wao kulinda usiri, usahihi na upatikanaji wa taarifa za mgonjwa zilizo katika mfumo wa kielektroniki. Faili la karatasi haliguswi na kanuni hii. Kila mtumiaji lazima awe na utambulisho wake, hivyo muuguzi anayeazima nywila ya mwenzake kwa sababu foleni ni ndefu huwa amevuruga kumbukumbu zinazoonyesha ni nani aliyefungua taarifa za nani.

Utata upo katika mgawanyo wa masharti, kwani mengine ni ya lazima na mengine ni ya kuzingatiwa, yaani taasisi yaweza kutumia njia mbadala ilmradi iandike sababu zake. Usimbaji fiche, ambao hugeuza maandishi yasisomeke bila ufunguo, umewekwa, ajabu kidogo, katika kundi la pili.

Februari 2024 wadukuzi waliivamia kampuni ya Change Healthcare kupitia lango la mtandaoni lisilo na uthibitisho wa hatua mbili, wakakwamisha malipo ya maduka ya dawa na hospitali nchi nzima. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ilipendekeza kuufuta mgawanyo huo kwa sehemu kubwa, kulazimisha usimbaji na uthibitisho huo, na kutaka mifumo muhimu irejeshwe ndani ya saa 72, mapendekezo ambayo vyama vya hospitali viliyapinga kwa hoja ya gharama.