Maneno "Kiuno", "Nyonga" na "Uvimbe" katika Utambuzi wa Saratani ya Mifupa

Mgonjwa atokaye Mpwapwa au Kondoa kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, akisema kwamba kiuno chamwuma, kauli yake yaweza kuelekea mahali patatu: sehemu ya chini ya uti wa mgongo, fupanyonga, au nyonga yenyewe, yaani kiungo kiunganishacho fupanyonga na mfupa wa paja. Maana itakayoshikwa ndiyo iamuayo sehemu ya kupigwa picha. Ikipigwa isiyo yake, ugonjwa huachwa ukue.

Neno "uvimbe" nalo lina utata, kwani hutajia usaha, kifua kikuu cha mfupa, kivimbe kisicho na madhara, na saratani pia. Picha ya eksirei, mionzi iliyogunduliwa na Röntgen mwaka 1895, ndiyo ianzayo kuyatenga hayo. Tabibu hutazama ukingo wa mahali palipoharibika. Ukingo mwembamba, mweupe na dhahiri ni dalili ya ukuaji wa polepole. Uliofifia, mfano wa mti ulioliwa na mchwa, ni dalili ya kasi, na hapo saratani hushukiwa, ijapokuwa maambukizo yaweza kufanana nayo. Umri nao ni ushahidi: kwa vijana hufikiriwa sakoma ya Ewing, kwa watu wazima, kondrosakoma, ambayo ni saratani ya gegedu, na baada ya miaka 40, kwanza kabisa saratani iliyoenea kutoka kwingineko, kama vile titi au tezi dume.

Eksirei ina mipaka yake. Hewa na matumbo hulificha fupanyonga, na uharibifu hauonekani vema mpaka yapata asilimia 30 hadi 50 ya madini ya mfupa imetoweka. Basi maumivu yakidumu, siti-skani huonyesha gamba la mfupa lilivyotobolewa, na MRI huonyesha uboho, misuli na neva. Ndipo hukatwa kipande kidogo cha uvimbe na kuchunguzwa kwa hadubini. Picha hutangulia, kwa sababu njia ya sindano yapasa kupangwa pamoja na upasuaji utakaofuata.

Kiswahili sanifu kimekwisha kuwa na "fupanyonga", "nyonga" na "saratani". Yapasa yaandikwe kwa usahihi katika cheti kimpelekacho mgonjwa kwenye picha.