Kivuli cha Mkono wa Fundi

Fundi anapoinama juu ya injini usiku, tochi ya simu kinywani, kinachomsumbua zaidi ni kivuli. Mwanga unaotoka mahali pamoja huchora kivuli cheusi chenye kingo kali: mkono wake mwenyewe unafunika boliti anayoitafuta, na akigeuza kichwa kivuli nacho kinahama. Tochi kali zaidi haimsaidii. Kivuli kinakolea tu, na mate yanaendelea kuchuruzika kwenye simu.

Dawa ni kuutandaza mwanga. Ukanda wa LED wa mita moja, uliobandikwa kwenye ukingo wa ndani wa boneti, mara nyingi huwa na vijitaa 60, na kila kimoja kinamulika kwa pembe yake. Mkono ukiziba kumi, hamsini bado vinaiona boliti. Kivuli kinapauka, kama cha siku ya mawingu.

Ukanda wa kawaida wa namna hiyo hula wati 4.8 hivi, yaani ampea 0.4 kwenye betri ya volti 12. Globu ya zamani ya wati 21 hula ampea 1.75. Isahau globu hiyo ikiwaka kwa saa 12 na betri ya ampea-saa 45 itaamka imepoteza karibu nusu ya chaji. Ukanda utakuwa umekula kama sehemu moja ya kumi.

Ila volti 12 ni za gari lililozimwa. Ndani ya ukanda, vijitaa hivyo, yaani diodi, hupangwa tatu tatu mfululizo, kila kundi na rezista moja. Diodi huchukua volti 9 hivi, rezista inabeba 3 zilizobaki. Washa injini: altaneta inaweza kufikisha volti 14.4. Diodi hazibadiliki sana, hivyo karibu nyongeza yote inaiangukia rezista, kutoka 3 hadi 5.4. Kwa hesabu ya karatasini, mkondo wa umeme unapanda kwa asilimia 80. Joto linalotokana na mkondo huo linakutana na joto la injini, na LED haipendi joto hata kidogo. Gundi nayo huachia. Ndiyo maana ni afadhali kununua ukanda wenye kidhibiti cha mkondo, uliotengenezwa kwa ajili ya magari, na kuubandika mbali na ekzosti.

Tazama pia rangi. LED nyeupe kwa kawaida ni LED ya buluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga kuwa wa njano. Zile za bei rahisi zina upungufu wa wekundu, kwa hiyo waya mwekundu na wa kahawia huanza kufanana, na mafuta mekundu ya giaboksi yanayovuja yanaonekana kama oili iliyochoka. Chini ya boneti, hilo linaweza kumpeleka fundi kufungua kitu kisicho na kosa.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni swichi. Magari mengi ya Marekani ya karne iliyopita yalikuwa na taa ya boneti iliyojiwasha. Ndani yake mlikuwa na kichupa chenye tone la zebaki, gramu moja hivi. Boneti ikiinuka, kichupa kinalala upande, tone linateleza na kuunganisha ncha mbili za waya. Hakuna springi ya kuchoka. Balaa ilikuja gari lilipokufa: lilipotupwa kwenye tanuri la chuma chakavu, zebaki, inayochemka kwa nyuzi 357, ilipaa kama mvuke. Mwaka 2006 Marekani ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuvitoa vichupa hivyo kabla gari halijasagwa.

Leo inatosha swichi ya kubonyea, kama ile inayowasha taa ya ndani mlango ukifunguliwa. Waya wa moto upite kwenye fyuzi ya ampea 2 au 3, jirani kabisa na betri. Fyuzi hulinda waya, na kipande kilicho kati yake na betri hakina mlinzi. Penye bawaba ndipo waya hukunjwa kila siku na kuchubuka, na betri ya gari inaweza kumwaga mamia ya ampea hapo.

Kisha linabaki swali la friji: boneti ikifungwa, taa imezima kweli? Zima injini, washa kamera ya simu irekodi video, ilaze juu ya betri ukiwa umehakikisha boneti haitaigusa, funga, hesabu hadi kumi, fungua, utazame.