Udhibiti wa Pumzi, Tangu Uchanga hadi Uzeeni

Moyo hujiendesha wenyewe, lakini mapafu hungoja amri. Kila pumzi huanzia katika shina la ubongo, ambalo hutuma ishara kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye kiwambo na misuli ya mbavu. Mwaka 1991, Jeffrey Smith, Jack Feldman na wenzao walionyesha, kwa kuchunguza panya wachanga, kwamba mdundo wa pumzi hutokana na kundi dogo la seli liitwalo pre-Bötzinger.

Ubongo hupima zaidi kabonidayoksaidi kuliko oksijeni: kabonidayoksaidi ikizidi katika damu, mtu hupumua kwa nguvu zaidi. Upungufu wa oksijeni hugunduliwa hasa na vipokezi vidogo vya shingoni. Uchunguzi wa kazi ya vipokezi hivyo ndio uliompatia Corneille Heymans wa Ubelgiji Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938.

Kwa mtoto njiti, mfumo huu haujakomaa. Pumzi huweza kukatika kwa sekunde 20 au zaidi na mapigo ya moyo yakapungua. Dawa yake kuu ni kafeini, ileile iliyomo katika kahawa, kwa kuwa huchangamsha kituo cha upumuaji. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa njiti waliopewa kafeini waliacha kuhitaji mashine za kupumulia mapema kuliko wenzao. Mtoto aliyezaliwa akiwa ametimiza miezi naye hulazwa chali, kwani kulala kifudifudi huongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini.

Kwa mtu mzima, tatizo la kawaida ni koo kuziba usingizini. Amri ya ubongo hufika, lakini misuli ya koo hulegea na njia ya hewa ikajifunga. Mgonjwa hukoroma, hunyamaza, kisha hushtuka akitafuta hewa, na mchana hushikwa na usingizi. Mwaka 1981, Colin Sullivan na wenzake nchini Australia walieleza tiba ya kusukuma hewa puani ili koo libaki wazi.

Uzeeni, kifua hukakamaa, misuli hudhoofika, na mwili huitikia kwa unyonge upungufu wa oksijeni. Mzee mwenye nimonia huweza kukosa homa na asilalamike. Ndiyo maana inafaa kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima: kwa mtu mzima aliyetulia, kawaida ni 12 hadi 20, na zikizidi sana, apelekwe hospitali.