Mtunza Daftari la Utafiti

Kwa mama anayeishi Soweto, jijini Mbeya, utafiti si jambo la mbali. Iyunga kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi. Mjini kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Uyole huchunguzwa mazao. Tukisikia habari zao tunamfikiria daktari na mtaalamu wa mbegu. Mara chache tunamkumbuka ofisa utawala wa utafiti, na hali kazi yake mabinti zetu wanaiweza, na sisi pia.

Kazi yenyewe

Fedha za utafiti hutolewa kwa masharti. Ofisa huyu husaidia kuandaa maombi na bajeti, hufuatilia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), husoma mikataba na kudai stakabadhi ya kila shilingi. Taarifa ya fedha ikichelewa, mfadhili huweza kuzuia fungu linalofuata, na wakusanya takwimu wakakosa posho. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Siri za jirani

Utafiti wa afya hauanzi kabla kamati ya maadili haijauridhia. Mama anayeombwa kutoa damu ni lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kujitoa wakati wowote. Majibu yake ni siri. Soweto watu hukutana sokoni na kwenye daladala. Neno moja likitoka ofisini laweza kuvunja ndoa ya mtu. Kwa hiyo uaminifu hutangulia cheti.

Njia ya kufika

Cheti nacho kinahitajika: shahada ya utawala, uhasibu, sheria au takwimu, pamoja na Kiingereza cha kuandika na kompyuta. Mwenye watoto anaweza kusoma akiwa nyumbani kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, chenye vituo Mbeya na Iringa.

Tusifichane: siku za mwisho za kupeleka maombi, ofisa huchelewa kurudi. Mama, keti mapema na baba watoto, mkubaliane nani atawapokea watoto na nani atapika. Mzigo huu usibebwe na mmoja.

Uliyewahi kuwa mweka hazina wa kikundi, ukasoma hesabu mbele ya wenzako bila pengo, umekwisha kuionja kazi hii. Usijidharau.