Sidiria na Mbio za Mchakamchaka

Katika kambi ya Ruvu, mkoani Pwani, ya Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963, wasichana hukimbia mchakamchaka kama wavulana. Titi halina msuli ndani yake. Hushikiliwa na ngozi na nyuzi nyembamba. Mtu akimbiapo, titi hupanda na kushuka, huyumba kando, hata mbele na nyuma. Maumivu yake huweza kumfanya msichana achukie mazoezi.

Sidiria ipasayo huyapunguza. Uzito hubebwa hasa na mkanda wa kifuani, wala si kamba za mabegani. Mkanda ukae sawa mgongoni, vidole viwili vipite chini yake. Kamba zikiacha alama mabegani, aghalabu mkanda umelegea na mzigo umehamia huko.