Jirani Zetu: Maneno ya Mkataba na Mitambo ya Uchaguzi Kenya

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 86, inaagiza kwamba mfumo wowote wa kupigia kura uwe rahisi, sahihi, unaoweza kuhakikiwa, salama, wenye uwajibikaji na wa wazi. Ni maneno yanayoifaa katiba. Yakinakiliwa vivyo hivyo katika mkataba wa kununua kompyuta na programu zake, huzaa ugomvi, kwani hakuna mizani ya kupimia "urahisi".

Tarehe 4 Machi 2013 mashine za kuwatambua wapiga kura zilishindwa kazi katika vituo vingi. Baadhi ziliishiwa na betri shuleni kusikokuwa na umeme, na makarani wakarudia daftari la karatasi. Kituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji si kama mashine yake ni nzuri, bali itadumu saa ngapi bila umeme, katika joto la kiasi gani, ikihudumia watu wangapi. Askari aliyewahi kukabidhiwa simu ya upepo "yenye masafa marefu" anaelewa: masafa hayo ni ya uwandani au ya milimani?

Agosti 2017 utata ulihamia kwenye neno "kupeleka". Sheria ilitaka matokeo ya Rais yapelekwe kwa njia ya elektroniki kutoka vituoni. Tarakimu zilifika upesi na kutangazwa kwenye skrini, lakini picha za Fomu 34A, ambazo ndizo ushahidi wa tarakimu hizo, zilichelewa. Siku chache kabla ya kura, Tume ya Uchaguzi ilikuwa imesema kwamba vituo zaidi ya 11,000, kati ya 40,883, havikuwa na mtandao wa kutosha. Mahakama ya Juu haikukubali udhuru huo. Tarehe 1 Septemba, kwa kura nne dhidi ya mbili, iliyabatilisha matokeo, na dosari za upelekaji zikiwa miongoni mwa sababu.

Dawa yake hupatikana kabla ya kutia sahihi. Kila sifa igeuzwe kipimo: fomu ngapi, kwa dakika ngapi, kwa mtandao wa namna gani, na nini kifanyike pasipo mtandao. Itajwe pia nani atapima, wapi, na fedha kiasi gani zitazuiwa hadi jaribio lifaulu. Jaribio lenyewe lifanywe kijijini, si katika ukumbi wa hoteli! Mzabuni akiona neno lenye utata, aulize kwa maandishi, na jibu wapewe wazabuni wote na liingizwe katika mkataba. Serikali isidhani kwamba utata unailinda. Katika nchi zinazofuata sheria za asili ya Kiingereza, Kenya ikiwamo, kifungu kilichobaki na maana mbili aghalabu hufasiriwa dhidi ya upande ulioandika, na zabuni za umma huandikwa na serikali yenyewe.

Mwaka 2022 Tume iliweka picha za Fomu 34A mahali ambapo kila raia aliweza kuzisoma na kujumlisha mwenyewe. Shauri lilifika tena Mahakama ya Juu, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba waliyathibitisha matokeo.