AARON, mchoraji asiye na macho

Je, wajua kuwa kompyuta ilikuwa ikichora picha za kutundikwa ukutani zamani, kabla simu ya mkononi haijatufikia mifukoni? Programu iliyoiongoza iliitwa AARON. Harold Cohen, mchoraji aliyeiwakilisha Uingereza kwenye maonyesho ya Venice mwaka 1966, alihamia California mwaka 1968, akajifunza kuandika programu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaanza kuiunda.

Aliipa hata mwili: kigari kidogo chenye kalamu, kikitambaa juu ya karatasi kubwa iliyotandazwa sakafuni. San Francisco, mwaka 1979, watu walisimama pembeni wakikitazama kikikata kona, kikiufunga mstari, kikianza mwingine. Mchoro utakuwaje, hata Cohen hakujua.

AARON haikuwahi kuonyeshwa picha hata moja. Ilijua kanuni tu, zote za mkono wa Cohen: ndani ni wapi na nje ni wapi, mstari uliofungwa una tofauti gani na ulio wazi, na baadaye, kiwiko hukunjika vipi, jani huchipuka wapi kwenye tawi. Rangi ndiyo iliyomtoa Cohen jasho. Mchoraji hupaka, hurudi nyuma hatua mbili, hukodoa macho, hurekebisha. Sasa asiye na macho arekebishe nini? Kwa miaka mingi aliipaka rangi michoro ile mwenyewe, hadi alipong'amua kuwa kinachoibeba picha zaidi ni mwanga na giza la kila rangi, kuliko wekundu au ubuluu wake. Na mwanga huwekwa kwenye hesabu. Mwaka 1995, huko Boston, AARON ilichanganya rangi, ikapaka, kisha ikaosha vikombe vyake.

Programu za leo zimepita njia nyingine. Stable Diffusion, iliyotoka mwaka 2022, ilifunzwa kwa mabilioni ya picha zilizokusanywa mtandaoni, na wenye picha hizo hawakuulizwa. Hilo linaniuma. Cohen hakuchota kwa mtu. Ilimbidi ajihoji mwenyewe anajua nini hasa kuhusu kuchora, na jibu lenye pengo mashine ililikataa papo hapo.

Alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 87. Miaka yake ya mwisho AARON ilimchorea mistari kwenye skrini kubwa ya kugusa, na mzee akaipaka rangi kwa kidole.